Muuaji wa Kwenye Shuka Jeupe

Mashahidi wakikubaliana sana, Shamimu huanza kuwashwa mgongoni. Ni ugonjwa wa kazi, na hauna dawa hospitali ya wilaya wala kwa waganga.

Jumapili hiyo asubuhi alisoma maelezo ya watu watatu akiwa amesimama, akizunguka meza ya ofisi ya upelelezi Kilosa kama mtu aliyeangusha sindano. Mwanakheri, shangazi wa bwana harusi, alisema Mzee Oswald aliingia na kibuyu cha togwa, akafuta mdomo wa kibuyu kwa upindo wa kanzu, akageuka pembeni kidogo kama anayetafuta upepo, kisha akampa bwana harusi kwa mkono wa kushoto na kumwambia: "Kunywa, mwanangu. Safari ya bwana harusi ni ndefu." Mwenyekiti wa kitongoji alisema hivyo hivyo. Mzee Ashrafu, baba wa bwana harusi, naye alisema hivyo hivyo, mpaka neno "ndefu".

"Wamepangana," alisema Koplo Samwel, askari wa siku nyingi mwenye kitambi cha heshima.

"Watu wakipangana husahau kitu. Hawa hawajasahau hata upindo wa kanzu." Shamimu aligonga jagi la plastiki la bluu lililofungwa kwenye mfuko juu ya meza. "Kibuyu kiko wapi?"

"Hakijaonekana. Tulichokuta jikoni ni jagi hilo lenye masalia ya togwa, na kindoo cheupe cha mzee mwenyewe. Kindoo kimeoshwa."

"Na nani?"

"Na muuaji, afande. Nani mwingine anaoshea watu vyombo harusini?"

"Hajaua bado," alisema Shamimu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Imani, bwana harusi wa Masanze, alikunywa togwa Jumamosi mchana mbele ya ukumbi mzima wa maturubai, akaanza kutokwa jasho na mate, akaanguka miguuni mwa bibi harusi. Daktari alisema ni dawa ya kuulia wadudu. Mpaka asubuhi hii kijana alikuwa hajafumbua macho. Akifa, jalada linabadilika jina na kuwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Mzee Oswald alikuwa na miaka sabini na sita. Tena huko Masanze vijana walikuwa wameshaizunguka nyumba yake, na waliowazuia wasiichome ni mgambo wawili wenye rungu moja.

"Wewe unamjua?" Shamimu aliuliza.

"Tunatoka kilima kimoja, Mamboya. Mtu mwema sana." Samwel alijikuna shingo. "Ila mimi nyumbani kwake hata maji sinywi."

"Kwa nini?"

"Afande, wewe umehamia juzi kutoka Kahama. Hukuiona ile sinema."

Hadithi yenyewe Samwel aliitoa wakielekea mahabusu. Oswald alianza uigizaji utotoni, kwenye michezo ya Krismasi ya misheni, akicheza Herode kila mwaka kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kukunja uso vile. Alipokua akachukuliwa Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya sabini akatokea katika filamu iitwayo *Bwana Harusi wa Ngerengere*. Alikuwa mjomba anayemwekea bwana harusi sumu kwenye togwa. Gari la sinema liliizungusha wilaya nzima, likitundika shuka jeupe viwanjani, kwanza filamu ya kuchimba choo, kisha ya pamba, kisha Oswald. Kuanzia hapo mtu akishika kikombe Oswald akiwa karibu, mkono unasita.

Mzee Oswald alikuwa amekaa kwenye benchi, bado na suti yake ya kijivu ya harusini na ua la plastiki kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imani ameamka?"

"Bado." Shamimu aliitazama suti. "Kanzu uliiacha wapi?"

"Sijawahi kuwa na kanzu. Niliyowahi kuvaa ilikuwa ya shirika la filamu, na waliihesabu nilipoivua."

"Na kibuyu?"

"Nacho kilikuwa cha shirika. Mimi togwa nilipeleka kwenye kindoo. Kila harusi ya Masanze napeleka, tangu nirudi kuishi huku. Nilimkabidhi Mwanakheri mlango wa jikoni, akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, nikaenda kukaa na wazee wenzangu."

"Wanasema ulimpa bwana harusi kwa mkono wa kushoto."

Mzee aliushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaunyanyua na kuuweka gotini kama mtu anayehamisha kifurushi. "Huu ulipata kiharusi. Umestaafu kabla yangu."

Samwel alikohoa. Shamimu alianza tena kutembea, hatua chache kwenda, chache kurudi, maana mahabusu si uwanja.

"Ijumaa ulikwenda Mikumi. Kufanya nini?"

Uso wa mzee ulijifunga. Ndipo Shamimu alipoelewa walichoogopa watu: nyusi zilishuka, mdomo ukapinda upande, na chumba kikawa na mtu mwingine.

"Hilo ni langu mwenyewe."

"Mikumi kuna maduka ya dawa za mashambani," alisema Samwel.

"Kuna na tembo. Nao sikununua."

"Mzee, usipojibu nitaandika kwamba umekataa kujibu."

"Andika."

Simu ya mzee, iliyokuwa imezuiwa kaunta, ilikuwa imejibu tayari. Namba ya mwisho aliyoipigia Alhamisi ilikuwa ya mwanamke aitwaye Odilia, wa Mikumi.

Shamimu aliondoka na pikipiki ya kituo, Samwel akiwa nyuma, kitambi kikimsukuma kila kwenye rasta za barabarani. Walipofika Masanze alimshusha ili awasaidie wale mgambo, kisha akaenda mara moja kutazama uwanja wa nyuma wa jiko la Mzee Ashrafu. Masufuria yalikuwa bado yamelala kifudifudi. Nyuma ya mafiga palikuwa na doa kubwa jeupe lililokauka udongoni, na kuku wanalidonoa kwa bidii ya watu wa mkataba. Alilitazama kidogo, akalipiga picha bila kujua kwa nini, akapanda pikipiki.

*

Odilia alikuwa na mgahawa kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Zambia yanaposimama kupoza breki na madereva kupoza njaa. Mama wa makamo ya kupita, mnene, kilemba cha zambarau, sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka viti vya nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama."

"Askari akisimama, wateja wangu wanakumbuka leseni zao. Kaa, mwanangu."

Shamimu alikaa, nusu ya kiti.

"Wewe ulikuwa kwenye filamu moja na Mzee Oswald?"

"Mimi ndiye niliyekuwa bibi harusi. Wananiita hivyo mpaka leo. Nimeolewa mara tatu, nimeachika mara tatu, na nikipita sokoni bado mtu ananifungia nyanya za bure, eti pole, yaliyokupata ni mazito. Kwa sababu nililia vizuri nikiwa msichana." Alimsukumia chai. "Na hata kulia alinisaidia Oswald. Alinifinya kidole chini ya meza. Alikuwa mpole kuliko sisi wote. Yule aliyecheza bwana harusi, ambaye wilaya nzima ilimlilia, alikuwa akituibia sabuni. Lakini sabuni haikuonekana kwenye shuka. Kilichoonekana ni kibuyu."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kila aliyetaka mchawi, mnyapara au mume katili alimwita Oswald. Aliwahi kuomba apewe nafasi ya mwalimu. Wakamwambia, watoto watakimbia shule. Shirika lilipokufa, mimi nikaja kupika, yeye akaenda kulima. Tofauti yetu ni kwamba chakula changu kinaliwa."

Shamimu aliishika sentensi hiyo kwa pembeni, akaiweka. "Ijumaa alikuja kwako kufanya nini?"

Odilia alicheka, kisha akaacha. "Amekataa kuwaambia, siyo? Aibu ya kizee. Alikuja kuiona filamu. Kuna kijana mmoja Dar aliipata, akaihamishia kwenye simu, akanitumia. Oswald alikuwa hajawahi kujiona. Gari la sinema lilipokuwa linazunguka, yeye alikuwa Dar anacheza mchawi. Aliporudi likizo akaenda kuitazama Kimamba, watu wakaanza kurushia shuka mawe kabla sehemu yake haijafika. Akaondoka."

"Akaja kuiona Ijumaa."

"Alikaa hapo hapo ulipokaa. Ilipoisha akaniuliza, 'Odilia, hivi nilikuwa nafanya vibaya namna hii kweli?' Nikamwambia, ulikuwa unafanya vizuri, ndiyo shida yako."

"Nionyeshe."

Odilia alifuta simu kwa aproni, akaiegemeza kwenye chupa ya pilipili. Picha haikuwa na rangi na ilikuwa ikirukaruka. Harusi, ngoma, wanawake wanapita na sinia. Kisha akaingia mwanamume mrefu mwenye kanzu, na kibuyu.

Shamimu alitoa nakala ya maelezo ya Mwanakheri na kuikunjua kando ya simu. Macho yake yalikuwa yanakwenda huku na huku: karatasi, simu, karatasi. Mtu wa kwenye simu alifuta mdomo wa kibuyu kwa upindo wa kanzu. Akageuka pembeni kidogo, kama anayetafuta upepo. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Kunywa, mwanangu," ilisema simu.

"Safari ya bwana harusi ni ndefu," alimalizia Shamimu, akisoma.

Alisimama, kiti kikaanguka, na dereva mmoja wa lori akashika mfuko wa leseni.

"Hawakusema uongo," alisema. "Wamenisimulia walichokiona. Ila walikiona uwanjani wakiwa watoto."

"Basi mfungulieni."

"Nikimpelekea mkuu wangu habari za sinema atanipa likizo ya ugonjwa. Atasema, sawa, kibuyu ni cha sinema. Lakini togwa alipeleka, amekiri mwenyewe, na kijana aliyekunywa togwa yuko hospitali."

Odilia alimtazama kama mtu anayetazama wali ulioungua. "Mwanangu, kwani nani amekwambia kuna mtu Masanze anakunywa togwa ya Oswald?"

Shamimu alikiinua kiti kilichoanguka.

"Wanaipokea kwa mikono miwili. Wanashukuru. Akigeuka tu, wanaimwaga nyuma ya jiko, wanakiosha kindoo na kumjazia pilau, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ni hivyo tangu zamani. Harusi yangu ya tatu nilifanyia huko huko. Alileta, nikaimwaga mwenyewe."

"Wewe? Unayemjua hivyo?"

Odilia alikunja aproni, akaikunjua. "Shangazi zangu walikuwa wananitazama."

Shamimu alikuwa ameshatoka nje, simu sikioni. "Samwel. Kuku wa nyuma ya jiko, kuna aliyekufa?"

"Kuku, afande? Hapa vijana wameng'oa mlango wa mzee, mwenyekiti ndiye anayewachochea, wewe unaniuliza kuku?"

"Nenda kawatazame."

Simu ilipumua kwa kishindo cha mbio za mtu mnene. "Wazima. Mmoja ananidonoa buti."

"Mwambie Mwanakheri asiende popote. Nakuja."

*

Mwanakheri alikuwa jikoni akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Mwanamke mwembamba, mtandio umefungwa kichwani kwa nguvu, macho mekundu ya kutolala.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Imani vipi?"

"Yuko vile vile." Shamimu aliegemea nguzo, akaiacha, akaegemea nyingine. "Togwa ya Mzee Oswald mliimwaga yote, au mlibakiza?"

Mkono wa Mwanakheri ulisimama ndani ya sufuria. "Nani kasema tumemwaga?"

"Kuku. Wameila tangu jana na hawajaugua. Na kindoo umekiosha wewe, kwa ajili ya pilau."

Mwanakheri aliweka sufuria chini. Nje, upande wa nyumba ya Oswald, zilisikika sauti za vijana, na ya Samwel ikiwaambia warudi nyuma.

"Hatumchukii," Mwanakheri alisema hatimaye. "Mama yangu alikuwa akimwaga. Mimi namwaga. Ukimrudishia utamtia aibu, ukiinywa... si unamjua yule."

"Simjui. Wewe ndiye unayemjua. Sasa, ya Oswald imemwagika. Bwana harusi alikunywa ipi?"

"Yangu. Niliyopika mwenyewe, ya tangawizi. Desturi yetu shangazi ndiye anayemnywesha bwana harusi, na bwana harusi anakunywa peke yake, kabla ya wageni kugawiwa."

"Ukamnywesha kwa jagi la bluu. Jagi ulilitoa wapi?"

Mwanakheri alikaa chini kwenye kigoda, polepole, kama aliyekuwa akikitafuta tangu jana.

"Vyombo vilikuwa vimeisha. Wananiita, Mwanakheri, Mwanakheri, bwana harusi anasubiri. Nikaingia kwenye banda la kaka yangu, nikaliona. Nikalisuuza kwa maji kidogo. Nilikuwa sijui ndilo analopimia dawa ya nyanya. Wallahi nilikuwa sijui. Nilijua alipoanza kutoa mate. Ile harufu."

"Na hukusema."

"Mwenyekiti alipaza sauti, ni Oswald. Watu wote wakasema, ni Oswald, na kibuyu chake. Wakaanza kusimulia, na mimi nikaona kabisa, afande. Nilimwona. Nilimwona na kibuyu, na mkono wa kushoto, na ile kanzu."

"Ulimwona," alisema Shamimu. "Ila ulikuwa na miaka saba."

Mwanakheri alifunika uso kwa mtandio. "Nitafungwa?"

"Sijui. Kwanza utakuja Kilosa, uyaandike haya upya. Lakini kabla ya Kilosa kuna kitu kimoja." Shamimu aliunyoosha mkono na kumwinua. "Utapita hapo nje, mbele ya wale vijana, na utawaambia mlichofanya na togwa ile. Wewe, siyo mimi. Mimi wataniambia nimehongwa."

Mwanakheri alitoka. Sauti yake mwanzoni haikufika popote, ikabidi aanze upya. Wazee waliokuwa wamekaa kando waliinamisha vichwa, kila mmoja akitafuta kitu ardhini. Hakuna aliyeshangaa kuhusu kumwaga. Kilichowashangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa amefikiria kuwa togwa iliyomwagwa haiwezi kumdhuru mtu. Kijana mmoja aliyekuwa na dumu la petroli aliliweka chini nyuma ya miguu yake, kama mtu anayeficha viatu vilivyotoboka, na mwenyekiti wa kitongoji akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

*

Alasiri Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo mapya, akauliza maswali mengi kuhusu kuku, akasaini. Habari kutoka hospitali ilikuwa imetangulia: Imani amefumbua macho na ameuliza mke wake yuko wapi. Kilichobaki ni kumfungulia mzee.

Shamimu alisimama mbele ya mahabusu na ufunguo, akaona kwamba hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo chuoni haikufundishwa.

"Imani ameamka, mzee. Na wewe uko huru. Upelelezi umeonyesha sumu ilitoka kwenye chombo cha shambani. Ilikuwa ajali."

"Mungu mkubwa." Mzee Oswald alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, kisha akayafumbua. "Chombo gani?"

"Jagi."

"Walimiminia togwa yangu kwenye jagi?"

"Mzee, twende ukasaini vitu vyako. Mkanda wako uko kaunta."

"Nimekuuliza, mwanangu. Togwa yangu ndiyo aliyokunywa?"

Shamimu alizungusha ufunguo kidoleni. Kwa miaka ya kazi alikuwa amewadanganya wezi, wauza gongo na mume wake wa kwanza, lakini huyu aliyekuwa mbele yake alikuwa amelipwa kusoma nyuso.

"Hapana. Alikunywa ya shangazi yake."

"Yangu ilikwenda wapi?"

"Ilimwagwa."

"Jana tu?"

Shamimu aliutazama ufunguo. Mzee alimtazama kwa muda, na lile jibu alilichukua mwenyewe, usoni kwake, harusi moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo ndiyo maana natoka," alisema. "Kwa sababu hakuna aliyeinywa."

"Ndiyo, mzee."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Huwezi kuandika kwamba alionja? Kidogo tu, mtu mmoja?"

"Nikiandika hivyo, unarudi ndani."

Mzee Oswald alikaa akilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko Shamimu alivyopenda. Kisha alisimama, akajipangusa suti, akaushika mkono wake uliostaafu na kuuingiza mfukoni ukae vizuri.

Kaunta alikuwa amesimama Mzee Ashrafu, ametoka hospitali moja kwa moja, kofia mkononi, baba wa bwana harusi aliyekosa pa kuweka macho. Alikuwa ameandaa maneno njiani na sasa yalikuwa yamemwishia.

"Ndugu yangu Oswald. Mlango wako tutaurudisha leo leo. Na harusi... kijana akipata nguvu tutaimalizia. Tunaomba uje. Wote tumesema, lazima uje."

Mzee Oswald alivaa mkanda wake taratibu, kwa mkono mmoja, na hakuna askari aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza alimtazama Ashrafu, na ule uso ambao wilaya nzima iliuogopa haukutokea. Ulikuwa uso wa mzee aliyechoka tu.

"Nitakuja," alisema. "Nitaleta soda, za chupa. Mtazifungua wenyewe."